Bi Apolinaria na Swali la Tatu

Tarehe 30 Juni 1985, baada ya kulitumikia Shirika letu la Maghala na Ugawaji, Kanda ya Magharibi, kwa miaka ishirini na miwili, Bi Apolinaria Kasimiri atastaafu. Alikuja akiwa karani wa kupiga taipu, anaondoka akiwa Msimamizi wa Chumba cha Mashine, na katika muda wote huo hakuna siku aliyotoka ofisini bila kurudi kutazama kama mlango umefungwa kweli. Kamati ya sherehe imemwomba msaidizi wake, Nassibu Selemani, aandike wasifu huu. Mwandishi amekubali, lakini tangu akubali usingizi umempaa, kwa sababu atakayekalia kiti kile kuanzia Julai mosi ni yeye.

Bi Apolinaria alizaliwa Isongwa, kijiji kilichokuwa kando ya reli magharibi ya Usinge, karibu na msitu. Baba yake, mzee Kasimiri, alikuwa mrina asali. Dada yake mkubwa, Tekla, alibaki nyumbani akilima. Yeye alipelekwa shule ya masista, akatoka na maandishi mazuri na vidole vyepesi. Babu yao alikuwa mpagazi enzi za misafara, akitembea na mzigo kichwani kutoka Ujiji mpaka pwani kabla reli haijazaliwa. Kwa babu huyo Bi Apolinaria alirithi miguu isiyochoka pamoja na wasiwasi. Mzee yule alizoea kuwaambia wajukuu kwamba mzigo haukabidhiwi kambi, hukabidhiwa mtu, maana kambi huhama, na anayeacha mzigo kwenye majivu ya jana amewaachia fisi.

Basi mjukuu akayageuza maneno ya babu kuwa maswali matatu, na kila kitu kilichopita mikononi mwake kiliulizwa: kimetoka wapi, kinakwenda wapi, na kikifika kitamkuta nani? Sisi wa ofisini tulimpachika jina la Bi Itakuwaje, na analijua. Mwenye nyumba wake wa Kanyenye, hapa Tabora, Bi Zamda, husimulia kwamba sikukuu moja ya Idi alimpelekea sahani ya pilau, mpangaji naye akaanza maswali yake mlangoni. Bi Zamda akamjibu kwamba imetoka jikoni, inakwenda tumboni, na ikifika itaikuta njaa; kama kuna swali la nne alipeleke kwa sheikh. Wanawake hao wawili wamekaa nyumba moja mpaka leo, mmoja akiamkia msikitini na mwenzake akiamkia misa, na ugomvi wao mkubwa ni nani aliyesahau kufunga mlango wa uani.

Mwaka 1969 makao makuu ya Dar es Salaam walipata kompyuta kubwa, ile yao ya zamani wakatuletea sisi. Ilifika kwa treni, vipande vipande ndani ya masanduku ya mbao, na Bi Apolinaria ndiye aliyechaguliwa kwenda kujifunza namna ya kuitunza. Kwa wageni ambao hawajaingia chumba kile, inafaa kueleza kidogo. Mashine yetu hulishwa kadi za karatasi ngumu zilizotobolewa matundu. Ziko kadi za programu, yaani maagizo ya kazi, ambazo hutungwa Dar es Salaam na kuletwa kwetu kwa treni. Ziko pia kadi za habari: kila kijiji kina kadi yake inayoeleza kilipo na kinachohitaji. Programu ikiiambia mashine kwamba kadi za vijiji ziko mahali fulani, mashine huenda pale pale. Haigeuki kushoto wala kulia, wala haiulizi wapita njia. Isipozikuta husimama, taa nyekundu huwaka, na sote hukosa hamu ya kula.

Ubingwa wa Bi Apolinaria ulikuwa kuutafuta ubaya kabla ubaya haujamtafuta. Kila bunda la kadi alilichora ubavuni mstari wa penseli nyekundu, kutoka pembe ya juu mpaka pembe ya chini, ili kadi moja ikikaa si mahali pake mstari uonyeshe jino. Sanduku lilipoanguka kwenye ngazi za stesheni na kadi kutawanyika kama mchele, mstari ule ndio uliotuokoa. Isitoshe, programu iliyofika na treni hakukubali iendeshwe siku hiyo hiyo. Alisema mgeni haulizwi habari kabla hajanywa maji na kupumzika. Pwani kuna unyevu na hewa yetu ni kavu, kwa hiyo kadi zilizosafiri hujikunja, na kadi iliyojikunja hukwama kooni mwa mashine. Alizilaza usiku mzima chini ya khanga yake, asubuhi zikiwa zimenyooka. Mafundi wa Dar es Salaam walicheka, kisha wakaanza kufanya vile vile.

Kwa sherehe yenye soda na vitumbua, mwandishi angependa kuishia hapa. Lakini kila mtu aliyekuwapo mwishoni mwa mwaka 1974 atashangaa asiposoma habari ya mahindi, na Bi Apolinaria mwenyewe ametaka iandikwe yote, hata ile sehemu inayomuuma.

Mwaka ule watu wa mkoa wetu walikuwa wamehamia vijiji vipya. Wengine walihama mihogo ikiwa bado ardhini, na mvua nayo ikasusa. Njaa ikaingia. Serikali ikaleta mahindi ya njano, yale yaliyoitwa yanga, na Shirika likapewa kazi ya kuyagawa kwa njia ya reli. Mabehewa yalijaa yadi ya Tabora. Hakuna behewa lililoweza kutoka bila hati inayosema linashushwa wapi na kwa ajili ya kijiji gani, na hati hizo zilikuwa zichapwe na mashine yetu kwa programu mpya iliyotungwa Dar es Salaam. Bi Apolinaria alikuwa na sababu ya pili ya kukosa raha. Tangu Isongwa ihame hakuwa na habari za Tekla wala watoto wake. Salamu alizotuma kwa wasafiri zilirudi na wasafiri wale wale.

Programu ilifika asubuhi. Bi Apolinaria akazilaza kadi kama kawaida yake, na Meneja wetu, Ndugu Lugembe, akakubali kwa shingo upande. Kesho yake asubuhi tukawasha. Taa nyekundu. Tukapanga upya, tukapuliza vumbi, tukajaribu tena: taa nyekundu. Kadi zilikuwa zimenyooka vizuri kabisa, kumaanisha kwamba tatizo halikuwa unyevu na siku nzima ilikuwa imekwenda bure. Bi Apolinaria alikwenda mwenyewe kwa Meneja kumwambia hivyo. Ndugu Lugembe hakumgombeza, ila alifungua dirisha linaloelekea yadi akawa anatazama mabehewa, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Tulipopiga simu makao makuu, mtunzi wa programu, Ndugu Mabruki, alijibu maneno ambayo mwandishi ameyasikia mara nyingi tangu siku ile: huku kwetu inakwenda. Na kweli ilikuwa inakwenda. Kwa sifa yake, hakuishia hapo. Alipanda treni akaja, na aliposhuka Bi Apolinaria alimpa maji ya kunywa kabla ya kumuonyesha kitu chochote. Mabruki ni Mzaramo, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, kwa hiyo hata ile hofu haikuwazuia kutaniana. Mabruki aliuliza kwa nini Wanyamwezi wanataka mashine wakati vichwa vyao ndivyo vilivyoumbwa kwa kubeba mizigo. Alijibiwa kwamba mzigo wowote anaoachiwa Mzaramo hufika siku anayofika mwenyewe. Tulicheka, na kwa mara ya kwanza wiki ile mwandishi alisikia njaa.

Mabruki aligundua kosa kabla chai yake haijapoa. Mashine ya Dar es Salaam ilikuwa na trei mbili za kulishia kadi, na programu yake ilikuwa imeagizwa kuzifuata kadi za vijiji kwenye trei ya pili. Yetu ina trei moja tu. Mashine ilitumwa mahali pasipokuwapo, ikasimama, ikaona haya. Akatoboa kadi chache za kuelekeza njia nyingine, akazichomeka, tukawasha. Mashine ikameza bunda zima bila kukohoa na hati zikaanza kutoka, moja baada ya nyingine, safi. Watu walipiga makofi. Ndugu Lugembe aliagiza soda. Treni ya kwenda Kigoma ilikuwa inaondoka alasiri ile, na mabehewa ya magharibi yalikuwa yafungwe nyuma yake.

Bi Apolinaria hakunywa soda. Alichukua hati akaanza kuzisoma akiwa amesimama, na mwandishi alimwona anaketi polepole. Hati ya Isongwa ilisema behewa liachwe kituo kidogo cha Isongwa, mahindi yashushwe hapo. Lakini Isongwa ilikuwa imehama. Kadi za vijiji zilizoletwa pamoja na programu zilikuwa zimetobolewa kabla ya watu kuhamishwa. Mashine ilikuwa imeongozwa sawasawa mpaka kwenye majivu ya jana. Na kama Isongwa ilikuwa hivyo, vijiji vingine vingapi?

Meneja alisema mashine haikulalamika. Bi Apolinaria akajibu kwamba hilo ndilo linalomtisha, maana kosa linalosimamisha mashine lina adabu, limebisha hodi. La kuogopwa ni lile linalopita kimya na kufika. Akazikusanya hati zote, akaziweka kwenye kiti, akazikalia.

Tusidhani lilikuwa jambo dogo. Siku moja ilikwisha potea kwa wasiwasi wake, na wasiwasi ule haukuwa na ukweli. Sasa alikuwa anaomba aaminiwe tena. Kama amekosea, watu wangelala njaa kwa sababu yake, na Tekla angekuwa miongoni mwao. Hayo yote Ndugu Lugembe alimwambia, kwa sauti ambayo hatujapata kuisikia kwake kabla wala baada. Bi Apolinaria hakubishana. Aliomba kitu kimoja tu, simu ya reli, na Meneja akamwambia anayo mpaka mabehewa yafungwe kwenye injini.

Simu ile hupita stesheni kwa stesheni. Stesheni masta wa Usinge alipopokea alimwita Ngollo, mnyapara wa mafundi wa njia, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amepita Isongwa kwa kiberenge. Ngollo alisema pale hapana mtu. Nyumba hazina mapaa, miti watu wameondoka nayo. Wamekwenda wapi? Hapo maneno yakawa mengi: wengine ng'ambo ya mto, wengine karibu na barabara, na kijiji kipya kina majina mawili kutegemea unamuuliza nani. Mwandishi alikuwa ameshika penseli na hakuwa na la kuandika. Ndipo stesheni masta akaongeza, kama jambo lisilo na maana, kwamba wa Isongwa anamjua mmoja tu, mama mmoja anayekuja kila siku stesheni kuuliza kama chakula cha watu wa Isongwa kimefika, na akiambiwa bado hukaa kivulini kidogo, kisha hurudi kwa miguu. Anaitwa Tekla binti Kasimiri.

Bi Apolinaria alirudia jina lile kwa sauti, kama karani anayehakikisha. Akaniambia, yaani akamwambia mwandishi, aliandike. Kisha akalia mbele yetu sote, mkono wa simu ukiwa bado sikioni, na hakujificha. Alikuwa amemtafuta dada yake kwa mahali, na mahali hapakuwapo tena. Kumbe dada alikuwa anakuja kila siku kusimama pale ambapo mzigo ungefika.

Alipojifuta machozi alikuwa ameshajua la kufanya. Hatukuuliza tena stesheni yoyote kijiji fulani kiko wapi. Tuliuliza nani anakuja kuulizia chakula cha watu wa mahali fulani. Kila stesheni ilikuwa na mtu wa namna hiyo: mwenyekiti, katekista, mama mjane, mzee mwenye baiskeli. Bi Apolinaria alitoboa kadi mpya kwa kila kijiji, yenye jina la mtu na stesheni anayokuja. Mabruki alibadili programu yake ili jina lile lichapwe juu kabisa ya hati, akilalamika kwamba Wanyamwezi sasa wanataka hata mashine isalimie watu. Mwandishi alilisha kadi. Ndugu Lugembe, ambaye alikuwa na kila haki ya kununa, alikwenda yadi mwenyewe kuomba mabehewa ya magharibi yangoje treni ya kesho, akasimama huko juani mpaka akakubaliwa.

Yaliondoka kesho yake. Simu ya kwanza kutoka Usinge ilisema Tekla amepokea mahindi, amehesabiwa magunia, na amelalamika kwamba mawili yamechanika. Bi Apolinaria alisema huyo ndiye dada yake hasa, hakuna haja ya uthibitisho mwingine. Simu nyingine nazo zikaja, na kwa kila moja tuliweka alama ukutani kwa chaki.

Behewa moja lilirudi na mahindi yake. Mzee aliyekuwa akija kuulizia alikuwa amezikwa juzi yake, na baada yake hakuna mtu wa kile kijiji aliyefika stesheni mpaka treni ikaondoka. Tulilipeleka tena baada ya kumpata mwingine. Lakini hakuna anayejua kama ile siku ya kulaza kadi ingemfaa yule mzee, na Bi Apolinaria hajaacha kujiuliza. Ndiyo sehemu aliyotaka iandikwe. Alisema wasifu usio na behewa lile uandikiwe mtu mwingine. Tangu wakati ule kadi hulazwa chini ya khanga kama zamani, isipokuwa pale anapongoja mtu mwenye njaa. Hapo hulishwa vile vile zilivyo, nasi hushika roho mkononi.

Mengine yanajulikana. Kuanzia mwaka uliofuata kila kadi ya kijiji katika kanda yetu ina jina la mtu, na hilo jina huulizwa upya kila msimu kwa sababu watu nao huhama na kufa. Kanda nyingine tatu zimeiga. Bi Apolinaria amefundisha watobozi ambao sasa wako Mwanza, Dodoma na makao makuu, na Mabruki, ambaye leo ni mkubwa huko, bado humtumia salamu za matusi kila mwisho wa mwaka. Amepata nishani ya mfanyakazi bora, ambayo alikataa kuitundika mpaka alipohakikishiwa kwamba msumari ni imara.

Sasa anarudi Usinge kwa Tekla, ambaye ana shamba la karanga na mizinga ya baba yao. Na kwetu inakuja mashine mpya, ndogo, ya kukaa mezani, isiyokula kadi. Wametuambia programu zake zitakuja kwenye sahani nyembamba nyeusi, na kwamba huko makao makuu inakwenda bila tatizo. Mwandishi alipoyasikia maneno hayo alianza kuuliza. Itatafuta nini, na itakitafutia wapi? Kuna nini huko Dar es Salaam ambacho hapa hakipo? Na ikichapa bila kulalamika, nani atakuwa na moyo wa kuzikalia hati?

Utaratibu unasema mstaafu ataning'iniza ufunguo wa chumba kwenye ubao wa ofisi ya Meneja. Bi Apolinaria amekataa. Amemwambia Ndugu Lugembe kwamba ufunguo haukabidhiwi ubao. Siku ya sherehe ataushika mbele yenu, atauliza maswali yake matatu, na atangoja ajibiwe kabla ya kuuachia. La kwanza na la pili yana majibu mepesi. La tatu limemkesheza mwandishi wiki nzima. Ameandika majibu marefu, akayachana.

Bi Apolinaria, dada yetu, asante kwa kutuogopea miaka yote hii ili wengine wale na kulala. Safari yako iwe njema, siku zako ziwe tulivu, na milango ya Usinge yote iwe imefungwa bila wewe kurudi kuitazama. Ukifika utamkuta Tekla. Na kitakachofika hapa, kitoke kokote, kiwe na kosa au kisiwe nalo, kitanikuta mimi.